Bibi Hajambo, Ila Hasimami

Kila asubuhi daktari alimuuliza bibi yangu swali moja, na kila asubuhi mimi ndiye niliyetakiwa kulifikisha. "Are you comfortable?" Maneno matatu tu. Kiingereza nimekisoma tangu nikiwa mdogo, nikakisomea na shahada, nikaandika utafiti mzima kuhusu vitenzi, lakini swali hilo lilikuwa linanitoa jasho la viganja.

Bibi alianguka nyumbani kwake Butiama akimzuia ndama asiingie kwenye mtama. Ndama hakuingia, ila nyonga ya bibi ilivunjika. Tulimpeleka hospitali mjini Musoma, na kwa bahati tukakuta wamekuja madaktari wa mifupa kutoka nje, watu wa kujitolea, wa muda mfupi. Walimfanyia upasuaji, wakamwekea chuma, na upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Kilichobaki, walisema, ni mgonjwa kusimama.

Shangazi yangu, ambaye ndiye binti wa mwisho wa bibi, alikuja kumuuguza. Baba alibaki na duka lake Bunda. Mimi nilikuwa hapo hapo Bunda tangu nihitimu, nikituma maombi ya kazi na kuyasoma upya baada ya kuyatuma ili nione nilikosea wapi. Ilipoulizwa nani atakwenda kumsaidia shangazi, hakuna aliyeuliza kama nina nafasi. Nafasi ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho.

Daktari wa bibi alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye mvi na viatu vya raba, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "habari" na "asante". Manesi walikuwa wachache na wodi imejaa. Nesi mkuu alipogundua nimesomea lugha, alinikabidhi kazi bila mjadala.

"Wewe si umesoma? Haya, kaka, bibi yako utamtafsiria mwenyewe."

Siku ya kwanza nilichagua neno lililonijia haraka.

"Bibi, daktari anauliza, uko starehe?"

Bibi aliinua kichwa kwenye mto.

"Starehe?"

"Ndiyo, bibi."

"Mimi mtu wa kanisa? Starehe si ziko kule barabarani, kwenye baa zenye taa za rangi? Mtu amelala na chuma mguuni, wewe unamuuliza starehe." Akamgeukia jirani wa kitanda cha pili. "Unasikia huyu mume wangu anachonitafutia?"

Jirani huyo alikuwa mama wa Kiislamu, mfanyabiashara wa vitenge sokoni, aliyegongwa na bodaboda akavunjika mguu. Ulimi wake haukuguswa.

"Mjibu, bibi! Mwambie starehe gani na soda hajakuletea?"

Wodi nzima ilicheka. Daktari akaona watu wanacheka, bibi naye anacheka, akatabasamu, akaandika kitu kwenye faili lake. Nilijua alichoandika. Kwamba mgonjwa yuko vizuri.

Siku ya pili niliacha starehe nikachukua faraja. Nilikuwa nimelipima neno hilo usiku kucha na kuliona safi, lina heshima, limo hata kwenye Biblia. Bibi aliposikia "faraja" aliweka kikombe cha uji kando. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Nani amefariki?"

"Hakuna, bibi."

"Ni baba yako?"

"Bibi, hakuna aliyefariki."

"Faraja inaletwaga kwenye msiba. Niambie tu, nimezika wengi."

Kwao faraja huja na wanakwaya, na mchungaji, na sufuria za chai zilizobebwa na majirani. Haiji asubuhi hivi hivi na mtu wa viatu vya raba. Ilibidi nimpigie baba simu akiwa dukani, bibi aisikie sauti yake, na hata hapo alimuuliza kama ng'ombe wote wapo, hakuna aliyechinjwa kwa msiba. Uji ulipoa.

Nilijaribu pia Kizanaki, lugha ya nyumbani, ambacho mimi mtoto wa Bunda nilikiokota kwenye likizo. Nilikitunga kichwani kabla ya kukisema. Bibi alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Ongea Kiswahili tu. Hicho Kizanaki chako kinaniuma kuliko huu mguu."

"Na Kiswahili changu mbona hukielewi?"

"Nakielewa sana. Mimi nimezaliwa Buswahili, wewe utanifundisha Kiswahili?"

Buswahili ni kijiji cha huko huko kwetu Mara. Jirani alilipenda hilo kiasi cha kulirudia kwa kila aliyekuja kumtazama. Mimi nilicheka pamoja nao, na ni baadaye sana, nikiwa nafua shuka, nilipogundua kwamba bibi alikuwa ametaja kuumwa mguu kwa mara ya kwanza, na kwamba jambo hilo lilikuwa limepita kama utani.

Maana maswali mengine yote aliyajibu kwa namna moja. Unajisikiaje? Salama. Umeamkaje, bibi? Salama tu. Unaona nafuu? Nafuu ipo. Haya si majibu, ni heshima. Kule kwetu mtu mzima akiulizwa hali, anajibu njema kwanza, na mabaya yanatoka polepole baadaye, kama yatatoka, na hayatoki mbele ya mjukuu wa kiume. Bibi amezaa watoto wake bila jirani kusikia sauti. Asingeanza kulia mbele yangu kwa ajili ya nyonga.

Daktari naye hakuwa mjinga. Alihisi kuna kitu hakipiti. Siku moja akaniambia nimwombe bibi ayape maumivu namba, kutoka sifuri hadi kumi. Nikaeleza vizuri, nilidhani.

Bibi akafikiri. "Wengine wamesema ngapi?"

"Siyo mashindano, bibi. Wewe tu."

"Basi moja."

Nilitafsiri. Daktari akaonekana kuridhika. Moja kati ya kumi! Lakini nikamsikia bibi akimnong'oneza jirani, "Nimekuwa wa kwanza." Nilimuuliza alimaanisha nini, akanijibu kama mtu anayemweleza mtoto. Shuleni kwetu sisi wajukuu, tukileta ripoti, moja ndiyo namba nzuri. Yeye hawezi kuja Musoma kuwa wa kumi.

Nikamkimbilia daktari koridoni kumwambia ile moja siyo moja. Nilipomaliza kueleza, nilikuwa nimemchanganya zaidi. Hapo ndipo aliponiambia jambo lililonitisha.

Alisema anamheshimu sana bibi yangu. Kila asubuhi bibi anasema hajambo, lakini akiletewa vidonge vya maumivu anavirudisha kwa sababu haumwi, na akiambiwa asimame anasema kesho. Kwa mtu wa umri wake kitanda ni kibaya. Kifua kinajaa, misuli inaisha, ngozi ya mgongo inachubuka. Wao wageni wanaondoka mwisho wa wiki. Asipoanza kusimama sasa, huenda asisimame tena maishani. Ikifika hapo, alisema, mtampeleka nyumbani, na kazi yenu itakuwa kumweka "comfortable".

Neno lile lile. Nilikwenda kukaa kwenye benchi la nje na kulitafuta kwenye simu, ingawa nilishalijua. Nilijua linatumika kwenye makochi, na kwenye yale mablanketi mazito ya mtumba yanayouzwa Bunda ambayo wauzaji huyaita komfota. Nilijua wenzangu chuoni walivyokuwa wakisema siko komfotabo wakiwa hawataki kuongea mbele ya darasa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini wagonjwa wanapoambiwa hivyo na madaktari, maana yake inaweza kuwa kwamba hakuna tena cha kutibu. Mnamlaza, mnampunguzia maumivu, mnasubiri. Nilikaa pale nikiwaza kama daktari alimaanisha hivyo, au alimaanisha mito na shuka safi, na kama nirudi kumuuliza, na kama nikimuuliza ataona simwamini. Mwisho nilirudi. Alinijibu waziwazi kwamba hajakata tamaa hata kidogo, ila anataka tujue njia zilizopo ni mbili, kusimama au kulala.

Nikamweleza shangazi yote. Alisikiliza huku akikung'uta kanga.

"Kwa hiyo asiposimama, tumrudishe Butiama akalale?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mama yangu alale? Huyo hata na malaria anafagia uwanja."

Akaingia wodini na kuanza kumfokea bibi kwa Kizanaki, haraka mno kwangu. Kile kifaa cha chuma chenye miguu minne, cha kushikilia wakati wa kutembea, kilikuwa kando ya kitanda, hakijaguswa. Bibi alikiita kiti kisicho na pa kukalia.

"Nitasimama," alisema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie. "Kesho."

Mchana wa siku hiyo shangazi alikuwa anakwenda kwa ndugu waliotupa hifadhi mjini, kuosha vyombo na kupika. Alijaza beseni: masufuria, chupa ya chai, shuka chafu, bakuli la samaki. Akakunja kanga kuwa ngata, akaiweka kichwani, akaniita nimtwishe. Nikanyanyua beseni na kulishusha juu ya ngata.

"Imekaa?" bibi aliuliza kutoka kitandani.

"Bado," shangazi alijibu. "Inavuta nyuma."

"Msogezee mbele kidogo. Wewe mume wangu, mbele siyo huko. Sasa?"

"Haijakaa."

"Zungusha ngata. Hapo. Sasa?"

"Sasa imekaa."

Shangazi akaachia mikono na kuondoka, shingo imenyooka. Bibi alikuwa bado ameinua mikono yake miwili hewani, kama vile yeye ndiye aliyetwisha.

Mimi nilibaki mlangoni. Mambo hayo nimeyasikia tangu utoto, kwenye bomba la maji, sokoni, shambani kwenye mavuno ya pamba, na sijawahi kuyasikiliza. Mtu anayetwishwa mzigo haoni aibu kusema haijakaa. Hakuna anayemwita mlalamishi au mvivu. Akidanganya kwamba imekaa, njiani ndiyo itamvunja shingo, kwa hiyo anasema kweli, tena anasema ni upande gani. Na anayeuliza haulizi kuhusu mtu. Anauliza kuhusu mzigo.

Ningekuwa mtu mwingine ningerudi pale pale kitandani. Mimi nilijipa mpaka asubuhi, na katika muda huo niliweza kulitilia shaka neno hilo kwa kila njia. Mguu si ndoo. Kisarufi ni "umekaa", si "imekaa", na mimi niliyeandika juu ya vitenzi nitasimama mbele ya watu nikisema mguu imekaa? Halafu bibi akiona nimemfananisha na mtu wa kubeba mizigo? Halafu kama ataelewa, akacheka, na daktari akaandika tena kwamba yuko vizuri? Mpaka kunakucha nilikuwa nimeamua tu jambo moja, kwamba nitalisema kama bibi anavyolisema, na sarufi inisamehe.

Daktari alikuja na kijana wa mazoezi ya viungo. Akainama, akauliza kama kawaida: "Are you comfortable?"

"Bibi," nikasema. Nikauonyesha mguu kwa kidole. "Bibi, huo mguu. Imekaa?"

Aliutazama mguu wake chini ya shuka kana kwamba umeletwa na mtu mwingine ukawekwa hapo.

"Haijakaa," alisema.

"Inavuta wapi?"

"Nyuma. Hapa chini ya nyonga. Halafu inashuka inachoma mpaka kwenye goti. Na huu mto wameuweka vibaya, unasukuma."

Jirani aliacha kutafuna. Daktari alikuwa ananitazama mimi, si bibi. Nikamweleza yote, upande kwa upande, na nilivyokuwa naongea akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Muulize tangu lini."

"Tangu waliponitoa kule kwenye chumba cha kupasulia," bibi alisema.

Nikashindwa kujizuia. "Bibi, mbona kila siku ulikuwa unasema salama?"

"Ulikuwa unaniuliza mimi." Alinishangaa kweli, hakuwa anatania. "Mimi sijambo. Ni hii ndiyo haijakaa."

Wakaanza na mto. Kijana wa mazoezi akausogeza, mimi nikauliza sasa?, bibi akasema bado. Akaukunja, akauweka chini ya goti. Sasa? Kidogo. Upande wa ukutani. Sasa? Hapo hapo, usiguse. Daktari alikuwa anafuata macho ya bibi tu, akisaidia kwa mikono, kama watu wanaotwishana.

Kisha akatoa vidonge. Bibi akafunga mdomo.

"Hivyo ni vya wagonjwa."

"Ni ngata, bibi," nilisema. Sikuwa nimelipanga hilo. "Mzigo upo pale pale. Hii inakaa katikati, usikuchubue."

Bibi alikichukua kidonge, akakigeuza kwenye kiganja.

"Ngata ya kumeza!" akamwambia jirani, na akakimeza.

Walimpa muda dawa iingie. Kisha kijana akashika upande mmoja, daktari upande wa pili, kile kifaa cha chuma mbele. Shangazi alikuwa amerudi, kanga mdomoni. Mimi nilisimama miguuni pa kitanda nikihesabu kila kitu kinachoweza kuharibika: sakafu imepigwa deki, ndala za bibi zimelika, kijana ni mwembamba.

Bibi akasimama nusu, akasema, "Ngojeni. Haijakaa."

Wote wakaganda. Hata daktari, bila mimi kumtafsiria. Bibi akasogeza kisigino, akashusha bega, akapumua.

"Imekaa. Twendeni."

Alitembea kutoka kitandani kwake hadi kitanda cha jirani. Si mbali, mtu angeweza kunyoosha mkono akagusa huku na huku. Jirani alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, bibi, karibu kitenge! Leo nakupunguzia!"

Shangazi alitoka nje. Nilimwona dirishani akipangusa uso kwa ile kanga ya ngata.

Baada ya hapo daktari alichukua neno lile akalizungusha wodi nzima. Alilitamka "imekaya", na hakuna aliyemsahihisha. Nilihangaika, nikafikiri atalipeleka pasipofaa, atamuuliza mwenye kikohozi imekaya, watu watamcheka. Walimcheka, kweli, ila walimjibu. Mama mmoja wa pembeni, ambaye kila siku alikuwa salama kama bibi, alisema haijakaa, akaonyesha bega. Jirani wa vitenge alisema, "Yangu imekaa tangu juzi, daktari, nipe ruhusa nikauze." Hakupewa.

Wageni waliondoka mwisho wa wiki kama walivyosema. Bibi alikuwa anafika mlangoni na kurudi. Nesi mkuu alichukua namba yangu, akasema wakija wengine atanipigia. Hajapiga bado. Najikataza kutafuta maana katika hilo, na mara nyingine naweza.

Tulimrudisha bibi Butiama na kile kifaa chake cha chuma. Siku chache baadaye nilikwenda kumsalimia, nikamkuta kwenye kiti nje ya nyumba, mguu amenyoosha. Wanawake wa kanisani walikuwa wanakuja kumpa pole. Tuliwaona wakiwa bado mbali, wamejipanga kwenye njia ya kando ya shamba, mmoja ana ndizi, mwingine ana dumu la maziwa mgando. Nyuso zao zilikuwa zimeshaandaliwa.

"Nipe chuma changu," bibi alisema.

"Bibi, watakuja hapa hapa. Wamekuja kukuona wewe."

"Wanione nimekaa?"

Akanyanyuka. Akatulia kidogo, akasogeza kisigino kama alivyofanya siku ile, kisha akaanza kukatiza uwanja kuwafuata. Uwanja una mashimo ya kwato za ng'ombe, nami niliyaona yote kwa pamoja. Nikamfuata kwa nyuma, mikono nimeitanua huku na huku, tayari kumdaka.

Hakugeuka.

"Shusha mikono, mume wangu. Unanifukuza kama kuku?"

Nikaishusha. Wale wanawake walikuwa wamesimama kando ya mtama, wanamtazama anavyokuja, na yule mwenye ndizi akaanza kupiga vigelegele.